Kumi na Saba ya Baba

Baba yangu alikuwa mkono wa birika wa alama. Alifundisha hesabu, na wanafunzi wake walimwogopa kuliko malaria. Ishirini juu ya ishirini ni ya Mungu, alisema, kumi na tisa ya malaika, kumi na nane ya mwalimu mwenyewe, na zilizobaki wagombanie wengine. Lakini hata hizo zilizobaki hakuzitoa. Kumi na nne ndiyo ilikuwa dari ya nyumba yetu pale Nyakabiga, na mimi binti yake sikuwahi kuigusa.

Mama alikuwa kinyume chake kabisa. Alizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ndiyo maana nyumbani tuliongea Kiswahili, kile cha kwetu kinachosema njo badala ya ndiyo, ingawa baba alisali kwa Kirundi na kusahihisha kwa Kifaransa. Mama alimpa kila mtu kumi na sita, kwa sababu watu wamejitahidi. Kwa hiyo alama zake hazikuhesabiwa.

Vita vilipoanza, Mzungu mmoja aliyefundisha shule moja na baba aliondoka kwa haraka, akatuachia deki ya video na katoni ya kaseti. Tulitegemea filimu za mapigano. Kumbe katoni nzima ilikuwa tamthilia moja tu, ya zamani, aliyoirekodi kwao kwenye televisheni: chombo kinachopeleka barua kutoka nyota hadi nyota, na wafanyakazi wake wanaongea Kifaransa kizuri kuliko cha mkaguzi wa shule. Nahodha alikuwa bibi mwenye mvi. Kulikuwa na mashine yenye umbo la kabati iliyojua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Kulikuwa na tarishi mzee, mpole, ambaye kila kipindi alikaribia kufa. Mawe ya sayari zile yalikuwa ya sponji. Jiwe moja lilimwangukia nahodha kichwani likadunda, na mimi kwa sababu ya jiwe lile nilikipa kipindi kizima mbili. Nilikuwa na umri wa kuchukia uongo.

Tulizirudia kaseti zile mpaka tukazijua kama sala. Kila kipindi kilipoisha baba alizunguka sebule akituuliza, "Ngapi?", kila mtu akatoa alama na kuitetea, kisha yeye akatoa ya kwake, ya mwisho, ya chini.

Sijui ni nani aliyeanza kuitumia desturi hiyo kwa barabara. Nadhani ni kaka yangu, kwa utani. Zilikuwa siku za ville morte, mji uliokufa: vijana wanaziba njia kwa mawe na matairi, wanaamuru mtu asitoke, duka lisifunguliwe, na anayebisha anakutana na jiwe, au grenedi. Asubuhi baba alisimama dirishani kwenye sebule, akaangalia avenyu yetu, akasikiliza, akauliza wapita njia kama wapo. Kaka akamwuliza kutoka uani, "Papa, leo ngapi?" Baba akajibu bila kucheka, "Sita juu ya ishirini." Tukakaa ndani. Mchana tukasikia risasi.

Tangu hapo ikawa sheria. Chini ya kumi, hakuna kutoka. Kumi na moja, sokoni na kurudi. Kumi na tatu, kazini. Majirani walisikia kupitia ukuta, wakaanza nao kungoja. Mama mmoja wa ng'ambo ya barabara, muuza mandazi, hakuwasha mbabula yake, jiko lake la makaa, kabla ya kusikia namba ya mwalimu. Baba hakueleza kitu, alitamka namba tu kwa sauti ya darasani, na avenyu nzima ikajua ifanye nini. Aliaminika kwa sababu ya ubahili wake. Mtu anayekunyima alama ya mtihani hawezi kukuhonga alama ya njia.

Kaka yangu alifanya kazi bandarini, kwa wakala wa forodha, akikimbiza karatasi za mizigo ya Kigoma. Lakini bandari haikuwa shida yake. Shida yake ilikuwa ng'ambo ya mto Ntahangwa. Mchumba wake aliishi huko kwa shangazi yake, na tangu mitaa igawanyike, kila mmoja na watu wake, hawakuwa wameonana tena. Alikuwa hapigi kelele juu ya jambo hilo. Alikuwa anapiga viatu rangi. Kila siku, viatu vilevile, mpaka ukavionea huruma.

Baba alimwambia wazi, "Chini ya kumi na sita, usinitajie daraja."

"Papa, we haujawahi kutoa kumi na sita. Hata Petero akitembea juu ya maji, ungemupa kumi na tatu."

"Alizama," baba akasema. "Kumi na moja."

Tulicheka sote, kaka pia, lakini alicheka akiangalia viatu.

Siku ninayoisimulia, alama ya asubuhi ilikuwa nne. Hata mbwa hakupita. Kaka alirudi kulala kwenye annexe, kile kibanda cha uani alichokuwa amekifanya chumba chake. Baada ya chakula umeme ukaja, jambo ambalo lenyewe lilistahili alama, na mama akasema tuweke kaseti, moyo upumue. Tuliacha dirisha wazi kwa joto, na sauti tukaipunguza karibu kuizima, kwa sababu ilibidi tusikie yanayotokea barabarani. Maneno ya wale watu tuliyajua kwa midomo yao.

Ilikuwa kaseti ya mlango. Chombo kimeharibika, wenzake wametoka kutafuta msaada, tarishi mzee amebaki peke yake. Mtu anagonga nje. Sauti ni ya mwanawe, aliyempoteza zamani. Mashine ile ya kabati inamwonya: usifungue, kule nje kuna kitu kinachoiga sauti za watu. Mzee anaweka mkono kwenye komeo. Anautoa. Anauweka tena. Mwishowe anafungua, mwanga unajaa, na hapohapo inaingia mechi ya mpira, kwa sababu yule Mzungu, Mungu amsamehe, alirekodi mpira juu ya mwisho. Hatukuwahi kujua nani alikuwa mlangoni.

Baba alikuwa akikipa kipindi hicho kumi na moja kila mara, na kila mara alimgombeza mzee: "Mujinga we! Usifungue!" Katika mji wetu tulijua habari za watu waliofungulia sauti ya jirani, na nyuma ya jirani kulikuwa na wengine wamemshikia kisu. Baba alisema mtu mwenye familia hafungui.

Siku ile hakumgombeza. Alikuwa ameinama mbele, mikono katikati ya magoti. Wachezaji walipoanza kukimbia kwenye kioo, alibaki vilevile. Kisha akasimama, akaenda mpaka dirishani, akageuka kutuangalia, macho yamelowa, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Kumi na saba," akasema.

"Kumi na saba?" mama akapiga kelele, maana alidhani hajasikia vizuri.

"Kumi na saba! Na sirudii!" Sauti ya darasani, mgongo wake ukiwa dirishani.

Tulimshangilia. Mama alipiga vigelegele. Mimi nikaanza kumsumbua kuhusu mwisho usiokuwepo, utatoaje kumi na saba kwa kazi isiyomalizika, naye akawa ananijibu kwa furaha, na tulikuwa katikati ya ubishi huo tuliposikia geti la ng'ambo likifunguliwa.

Kisha jingine. Mama alisogea dirishani. Nilipofika ubavuni mwake, niliona muuza mandazi ametoa mbabula yake barabarani na anaipepea. Wasichana wawili walipita na bidoni za maji. Mzee wa nyumba ya pembeni alikuwa ametoka amevaa koti lake la kanisani, anaangalia juu na chini kama mtu aliyetoka hospitali. Milango ilizidi kufunguka. Watu walisalimiana kwa kukumbatiana. Yule mama akatuona, akainua upepeo wake.

"Mwalimu! Mungu akubariki! Kumi na saba! Njo imeisha, eh? Vita imeisha?"

Baba hakuelewa mara moja, na nilimwona akielewa. Uso wake ulishuka wote.

Alitoka mbio na kandambili zake, fulana ya ndani tu, mtu ambaye hakuwahi kuonekana nje bila tai. Alikimbia katikati ya avenyu akipiga kelele, "Nne! Nne juu ya ishirini! Mirudi ndani! Ile ilikuwa ya filimu! Ya filimu!" Wengine walicheka. Wengine walidhani amepata wazimu, na walikuwa na haki. Akamshika muuza mandazi mkono akamvuta, mandazi yakamwagika, mama yule akamtukana kwa Kirundi chote alichonacho. Ndipo zikasikika firimbi za vijana kutoka mwisho wa barabara, nyingi, zinakuja. Hapo hakuna aliyecheka tena. Milango ikafungwa, mawe yakaanza kupiga mabati, na baba ndiye aliyeingia wa mwisho, damu inamtoka sikioni. Mbabula ilibaki barabarani inatoa moshi. Kishindo kimoja kikubwa kilitikisa kioo cha kabati la vyombo. Kwa bahati grenedi ilikuwa imetupwa kwenye mtaro.

"Mutoto iko wapi?" mama akauliza.

Annexe ilikuwa wazi. Kitanda kimetandikwa. Kopo la rangi ya viatu lilikuwa dirishani, bila kifuniko.

Nataka kusema tulikuwa watulivu, lakini hatukuwa. Baba alitaka kutoka kumfuata, mama akasimama mlangoni akiwa amenyoosha mikono. "Utaenda kufanya nini? Wakuue nawe?" Kisha hasira ikampanda. "Miaka yote unatubania alama, leo njo umepata ukarimu?" Mimi nilimchukia. Nilimchukia kwa kumi na saba yake, na kwa machozi yake kwa ajili ya mzee wa sponji, wakati mwanawe wa kweli yuko njiani kuelekea daraja akiwa na viatu vinavyong'aa. Upande wa Ntahangwa zilisikika risasi, zikakatika, zikaanza tena. Mama alishika tasbihi ya bibi yake Mwislamu wa Buyenzi, yeye mkristo, akaanza kuihesabu, kwa sababu siku hiyo hakuchagua mlango wa kubisha kwa Mungu.

Baba alikwenda kusimama nyuma ya geti. Jua lilipinduka, likamfikia, likamwacha, naye amesimama palepale.

Saa ya kutotoka nje ilikuwa imekaribia geti lilipogongwa. Polepole.

"Nani?"

"Papa, ni mi."

Ilikuwa sauti yake. Lakini ilikuwa ya chini mno, ya mtu asiyepumua vizuri, na nyuma yake kulikuwa na pumzi ya mtu mwingine. Sote tuliisikia. Baba aliweka mkono kwenye komeo. Nilitazama ule mkono. Ulitoka, ukarudi. Mama alisema jina la Mungu. Nilitaka kupiga kelele, na hadi leo sijui ningepiga kelele kusema nini.

Akafungua.

Kaka aliingia, na nyuma yake msichana, miguu mitupu, mfuko mmoja kifuani. Kaka alikuwa mzima. Msichana alimwendea baba kabla ya mtu yeyote, akamshika mikono miwili kwa heshima, akainama.

"Papa, asante kwa ile kumi na saba."

Kaka alisimulia. Pale kwenye kizuizi cha barabara hakumkuta mtu, vijana wote walikuwa wamekimbilia avenyu yetu. Alivuka daraja kama mtu anayekwenda misa. "Alikataa kunifuata. Nikamwambia papa amesema kumi na saba. Akaniambia, papa yako? Ule mwenye haipitishe kumi na ine? Akachukua mufuko." Risasi ziliwakuta wakati wa kurudi. Walilala kwenye matete ya mtoni.

Baba alifungua mdomo. Mama akamkanyaga mguu.

"Karibu, mutoto yangu," mama akasema. "Ingia ule."

Wiki ileile mtaa wa msichana uliungua. Shangazi yake hakuonekana tena, wala hatukumzika. Msichana akawa mke wa kaka, akawa dada yangu, na kila mwaka, siku ya ndoa yao, alimshukuru baba mbele ya wageni kwa alama ile. Baba aliinamisha kichwa na kuangalia sahani. Kaka alijua ukweli tangu usiku wa kwanza, nilimwambia mimi; yeye mkewe hakuna aliyemwambia. Barabara baba hakuipa alama tena. Majirani walipouliza, alijibu, "Angalieni wenyewe." Na ile kaseti ikapotea.

Ilionekana tena miaka ya mwisho ya vita, nyuma ya vitabu vya hesabu. Aliyeipata ni mke wa kaka, akiwa mjamzito, akifuta vumbi. Akaiweka kwenye deki, jioni mapema, tukiwa wote sebuleni, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kumzuia ambayo angeweza kuitamka. Akaangalia akiwa ameshika tumbo. Mzee akaweka mkono kwenye komeo, akautoa, akaurudisha, akafungua. Mpira ukaingia.

"We! Na mwisho wake?"

"Haina," kaka akasema.

Alicheka, akamgeukia baba. "Basi papa, hii ngapi?"

Mama alishika magoti yake. Baba aliinuka, akaenda dirishani, akalifunga, akasukuma kitasa mpaka kikalia. Akarudi kuketi.

"Kumi na saba," akasema, kwa sauti ambayo nje isingefika.

Wifi yangu alimtazama. Akamtazama mumewe, akanitazama mimi, na mimi nikashusha macho. Kwenye kioo wachezaji waliendelea kukimbia.

"Njo hii?" akauliza.

"Njo hii, mutoto yangu."

Machozi yalimtoka wifi yangu, akayaacha. Halafu akaomba turudishe kaseti nyuma, mpaka pale mzee anapofungua.