Kidole Changu kwenye Bango la Lugha

Mwezi uliopita nilikwenda kwa daktari hapa Edmonton, kaskazini mwa London, kwa ajili ya goti. Mapokezini palikuwa na bango jipya: onyesha lugha yako kwa kidole. Nilipokiona Kiswahili, tena kimeandikwa vizuri, nilifurahi mno, nikakigusa.

Binti wa mapokezi akadhani sijui Kiingereza. Akaniletea kiti na kwenda kunitafutia mkalimani. Naishi London tangu wanangu wakiwa wachanga, lakini kwa utamu wa heshima ile nilinyamaza. Hata nilipoona mama Mkongo mwenye mtoto anayechemka homa akiambiwa asubiri, kwa kuwa mkalimani wa Kiswahili ni mmoja na mimi nimetangulia, bado nilinyamaza.

Mkalimani akaja, dada wa Tanga aitwaye Mwanaidi.

"Shikamoo, babu. Usiwe na wasiwasi, nitakueleza kila kitu."

"Marahaba, mwanangu. Bila wewe ningepotea."

Daktari akawa anasema, Mwanaidi anatafsiri, nami naitikia kama mgeni aliyeshuka jana kwenye ndege. Kisha daktari akalikunja goti langu, likalia, akasema mlango wa nyumbani kwake unalia vilevile, na mkewe anataka kuung'oa.

Nikaangua kicheko.

Mwanaidi alikuwa hajafungua mdomo. Akanigeukia taratibu. "Babu, unacheka nini? Na yule mama hapo nje na mwanawe mgonjwa?"

Nikataka kumwomba radhi upesi. Nikamwomba, kwa Kiingereza.