Mafuta ya Papa kwenye Winchi ya Nanga

Nimefungua winchi nyingi, ile mitambo ya kuvutia nanga, tangu nilipoondoka mto Tana, katika bandari ambazo nyingine sikukaa hata msimu mmoja, lakini hasira niliyoipata Garsen sijakutana nayo tena mahali popote.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimetoka shule ya sekondari, nikakataa ukarani, nikaajiriwa kutunza mitambo ya mashua ya mizigo iliyokwenda na kurudi kati ya Garsen na Kipini. Nahodha wangu alikuwa mtu wa Kipini, aliyekulia baharini, na hakusafiri bila debe la mafuta ya papa, yale yanayopakwa mbao za vyombo. Kila alfajiri, kabla ya chai, alichovya tambara akapaka ubavu wa mashua, akapaka usukani, kisha akapaka winchi ya nanga, meno, breki na vyote. Baharini pengine ilifaa, kwa ajili ya chumvi. Lakini Tana haina chumvi, ina tope. Tope lile jembamba lilinata kwenye mafuta, likakauka juani katikati ya meno ya gurudumu, likawa kama udongo wa kukandikia nyumba.

Siku moja pale Garsen, mto ukiwa umejaa, tulipakia magunia manne ya mbegu za mpunga. Yalikuwa ya mama mmoja Mpokomo wa kijiji cha Ozi, karibu na Kipini, aliyepewa na ndugu zake. Mwaka uliotangulia mtumbwi ulipinduka na mbegu zake zote, ndiyo maana safari hii alitaka chombo chenye injini. Kule Ozi mpunga hungoja bamvua: bahari ikijaa sana, huyasukuma maji ya mto hadi mashambani. Bamvua lilikuwa siku nne mbele. Likipita, maji yanarudi mtoni.

"Kesho tuko Ozi," nahodha akamwambia.

Nikashika mkono wa winchi. Pingili kumi za mnyororo zikapanda, kisha kile chuma kidogo kinachodaka meno ili gurudumu lisirudi nyuma kikagoma kushuka. Tope lilikuwa limekigandisha. Mkono ukaniponyoka, ukazunguka kinyumenyume, ukanipiga mbavuni. Nikakimbilia breki. Ukanda wake ulikuwa umelowa mafuta, ukateleza tu. Mnyororo wote ukarudi majini.

Nanga ilikuwa imezama topeni, na bila winchi hatukuweza kuing'oa hata injini iliposaidia. Kukata mnyororo nahodha hakutaka kusikia. Mashua isiyo na nanga mto ukijaa, alisema, ni gogo.

Nilifungua winchi yote, nikaosha kila jino kwa mafuta ya taa, nikausugua ukanda wa breki hadi ukakauka. Jua likazama. Alfajiri nikaamshwa na harufu. Nahodha alikuwa ameinama juu ya winchi na tambara lake.

"Nahodha! Umepaka tena?"

"Umeiacha kavu, msomi. Chuma nacho kina kiu."

"Breki haitaki mafuta!"

"Mimi nimepaka vyombo kabla babako hajaoa. Weye umesoma breki katika kitabu gani?"

Tukajaribu. Mnyororo ukateleza vilevile. Nikafungua tena, nikaosha tena, na alfajiri iliyofuata akapaka tena. Yule mama alikuwa ameketi juu ya magunia yake, akitutazama.

"Huyu anaosha, huyu anapaka," alisema. "Nyinyi mnacheza. Mimi nataka kupanda."

Mpwa wake alipopita na mtumbwi siku hiyo, akamwita. Mtumbwi haukuweza kubeba zaidi ya magunia mawili. Mama akashuka nayo, akashikilia kingo mbili za mtumbwi kwa mikono yote, hakutuaga.

Nilitaka kumtupa nahodha mtoni. Badala yake niliosha winchi mara ya tatu, na kabla hakujapambazuka nikaliketia debe lake. Akaja na tambara, akanitazama, akazunguka, akarudi.

"Inuka, mwanangu."

"Siinuki."

Niliinuka baadaye kwenda kwenye winchi, debe nimelikumbatia kwapani, nikavuta kwa mkono mmoja hadi baharia mwenzetu akaja kunisaidia. Kile chuma kikawa kinalia ta, ta, ta, kila jino. Nanga ikatoka majini imejaa tope.

"Unaona?" nahodha akasema. "Mafuta yameshaingia ndani."

Kisha injini, iliyohangaishwa siku zote zile, ikakataa kuwaka hadi kesho yake.

Tulipofika Ozi bamvua lilikuwa limepita. Nusu ya shamba la yule mama ilikuwa imepandwa, maji aliyoyazuia kwa tuta bado yamesimama. Nusu ya pili ilikuwa tope tupu lililoanza kupasuka. Nilibeba magunia mawili yaliyobaki, moja moja, hadi mlangoni kwake. Aliyagusa kwa mguu.

"Kamwambie nahodha wako ayapake mafuta," alisema. "Pengine yataota."