Mume Wangu wa Kwenye Kishikwambi

Kwetu Ufipa bibi hamwiti mjukuu wake kwa jina tu. Wa kiume ni mume wangu, wa kike ni mke mwenzangu, na watoto wenyewe hukua wakiitikia hivyo bila kushangaa. Marehemu mume wangu, babu yao, alikuwa akichoma mahindi anampa kwanza mjukuu wetu wa kike, kisha ananitazama aone kama nimeona wivu. Alipofariki, utani huo hatukumzika nao. Mjukuu wa kiume amebeba jina lake lote, la ubatizo na la ukoo, na kila nikilitamka pale uani huona kama ujane wangu umepungua kidogo.

Mama yao alikuwa binti yangu wa mwisho. Alifariki huyu mdogo akiwa bado ananyonya. Baba yao alipanda boti ya mizigo pale Kasanga kwenda Kongo, na habari zake zikakoma. Simlaumu, kwa sababu sijui yaliyompata. Watoto wako kwangu, na kila asubuhi namshukuru Mungu kwa ajili yao. Nimekuwa katekista wa kigango chetu tangu ujana wangu, na katika mafundisho ya Kipaimara nimewasimamisha watoto wengi wakanieleza maana ya uvumilivu. Walikuwa wakijibu vizuri, nami nilikuwa nikiridhika.

Mwaka ule mjukuu wangu wa kike alikuwa darasa la saba. Ana akili, walimu wake walisema hivyo bila kuulizwa. Lakini binti yangu aliyeolewa Kipili, ambaye ni mama yao mkubwa, alikuwa ameanza kunipigia simu. Alisema nimechoka, nimpelekee huyo mkubwa amsaidie kuanika dagaa, sekondari atasomea hukohuko ziwani. Nilimuuliza sekondari ipi. Akasema itapatikana. Nikajua kwamba mtoto akishuka Kipili, daftari halitafunguliwa tena. Niliomba nipewe muda, maana nilikuwa nimesikia kwenye kitongoji kwamba serikali inaandikisha kaya maskini, na kwamba bibi na babu wanaolea wajukuu watafikiriwa. Kaya ikiingia, inapata ruzuku, mradi watoto wasikose shule. Kwangu mimi ilikuwa kama imeandikwa kwa ajili ya huyu mtoto.

Karani alikuja wakati wa kupura ulezi. Kijana msafi, koti zito, kishikwambi mkononi. Aliniamkia shikamoo, nikaitika, nikamvutia kigoda. Mikono yangu ilikuwa na makapi, moyo wangu ulikuwa mweupe. Aliniuliza tunaishi wangapi.

"Watatu," nilisema. "Mimi, mume wangu na mke mwenzangu."

Akacheka kidogo, nami nikadhani tumeelewana. Aliuliza jina la mzee, nikampa jina la mvulana. Aliuliza mzee yuko wapi.

"Amepeleka mbuzi malishoni."

"Ana umri gani?"

"Meno ya mbele yameshang'oka. Wewe kadiria."

Alicheka tena, akagusagusa kioo. Akauliza kama mzee anaumwa. Nikamwambia anaumwa nini, kuni analeta, na ugali anakula kuliko sisi wote. Na huyo mke mwenza? Amekwenda kisimani, nikasema, na ni mkali kuliko mimi. Mwisho akauliza kuhusu watoto. Mtu mzima wa kwetu akiulizwa watoto, anajibu wale aliowazaa. Nikamwambia wangu wameshaondoka wote, wengine kwa Mungu, wengine kwenye ndoa zao. Akauliza mifugo, nikataja mbuzi na maksai wawili wa kulimia. Akanishukuru, akawasha pikipiki. Nilibaki nikimsifu kwa jirani yangu kwamba serikali siku hizi inatuma vijana wachangamfu.

Majina yalisomwa kwenye mkutano wa kijiji. Waliokubaliwa walisomwa kwanza, sikusikia langu. Kisha zikasomwa kaya zilizokosa vigezo, pamoja na sababu zake. Lilipofika langu, mtendaji wa kijiji alisoma kwa sauti ileile ya kusomea orodha ya mbolea: mume, wake wawili, hakuna watoto, wote wenye nguvu ya kufanya kazi.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mwanamke mmoja tunayesali naye jumuiya aligeuka nyuma akanitazama.

"Katekista," akasema, "huyo mke mwenza umempata lini? Padri anajua?"

Na mzee mmoja upande wa wanaume akadakia kwamba kama marehemu amefufuka arudishe plau aliyoazima.

Nilisimama. Nilieleza kwamba mume anayetajwa ni mjukuu wangu wa darasa la kwanza, na kila mtu pale anamjua. Kila mtu pale alimjua kweli. Mwenyekiti alimjua, mtendaji alimjua, alikuwa ametoka kumfukuza uwanjani asirushe mawe. Walitikisa vichwa kwa huruma, wakasema wao wameletewa orodha hivyo, hawawezi kuongeza wala kupunguza. Niende kata.

Kata nilikwenda. Mtendaji wa kata ni Mfipa mwenzangu, na aliposikia kisa changu aliegemea kiti akacheka mpaka akafuta macho, akaniambia hata yeye bibi yake alikuwa akimwita mume, na alipooa bibi yule alinuna wiki nzima. Tulielewana vizuri kabisa. Halafu akasema hana ruhusa ya kuingia kwenye mfumo. Niende Sumbawanga.

Sitaki kusimulia safari zote za Sumbawanga, zinafanana. Unaondoka na gari la alfajiri baridi ikikukata masikio, unafika ofisini kabla mlango haujafunguliwa, unakaa kwenye benchi. Nilisali Rozari pale benchini, na niseme ukweli, kuna siku nilipofika matendo ya uchungu sikuhitaji kutafakari sana. Wanaopita wote wanakuamkia. Shikamoo bibi, shikamoo bibi. Heshima ilikuwepo tele, hakuna aliyenitolea neno baya, na hilo ndilo lililonichosha zaidi, kwa sababu mtu akikutukana unajua pa kuanzia.

Aliyenihudumia alikuwa binti mpole wa umri wa wajukuu zangu wakubwa. Alifungua kompyuta yake, akanisomea yaleyale. Nikamwambia huyo mume ana miaka saba. Akaziba mdomo kwa kicheko, akamwita mwenzake aje asikie, mwenzake akamwita mwingine. Nikasubiri wamalize.

"Bibi, samahani," akasema. "Mfumo hauna sehemu ya utani."

"Basi andika ukweli, mwanangu. Niko hapa nakueleza."

Akasema haiwezekani kwa maneno matupu, maana jina lililoandikwa ni la mume wangu halali, na mume halali anaondolewa kwa cheti cha kifo. Nikamweleza kwamba aliyekufa siye aliyeandikwa, aliyeandikwa ni mtoto aliyepewa jina la aliyekufa. Nilieleza mara ya pili, polepole, kama ninavyoeleza Utatu Mtakatifu kwa watoto wa Komunyo ya kwanza. Alinielewa. Nina hakika alinielewa. Lakini kompyuta ilitaka cheti.

Cheti sikuwa nacho. Kwetu tulizika, tukaandikisha kwenye kitabu cha parokia, tukaona imetosha. Nikaanza kukitafuta: barua ya kijiji, barua ya parokia, ofisi moja, ofisi nyingine. Nilipokipata na kurudi, mtandao ulikuwa umekata. Niliporudi tena, binti alikuwa kwenye semina. Nyumbani simu ya Kipili ilikuwa ikilia. Matokeo ya darasa la saba yalikuwa yametoka, mtoto amefaulu, amepangiwa sekondari ya kata jirani, na binti yangu alisema kwa upole, kwa sababu si mtu mbaya, "Mama, kufaulu ni kitu kimoja. Sare, viatu, godoro, hivyo utatoa wapi? Niache nije nimchukue."

Mjukuu wangu alikuwa ameketi pale anasikia. Aliondoka akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Siku nilipofanikiwa kuonana tena na yule binti wa ofisini, alipokea cheti, akakisoma mbele na nyuma, akabonyeza mara moja. Akanionyesha kioo. Jina la mume wangu halikuwepo. Nilikuwa nimelilia jina lile siku ya kulizika, na sasa nilikuwa nimesafiri na kuzunguka miezi ili lifutwe tena. Akamfuta na mke mwenza, kwa kuwa mume hayupo tena.

"Sasa waandike watoto," nikamwambia. Kadi zao za kliniki zilikuwa kwenye mkoba.

"Kuongeza watu hatuwezi mpaka uhakiki ujao, bibi."

"Uhakiki ni lini?"

"Tutatangaziwa."

"Kwa sasa kwenye kaya yangu kuna nani?"

Akatazama kioo. "Wewe peke yako."

Nilimshukuru, kwa sababu nilifundishwa kushukuru, nikatoka. Nilitembea hadi stendi bila kumwitikia mtu. Jumamosi iliyofuata kwenye kitubio nilimwambia padri kwamba nina hasira. Akaniuliza dhidi ya nani. Nilifikiri, nikashindwa kumpata mtu. Nikasema dhidi ya mashine. Padri akasema hiyo hakufundishwa seminari.

Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na nisingeweza kungoja tangazo. Niliuza maksai mmoja. Marehemu aliwafundisha wale wawili pamoja tangu wakiwa ndama, mmoja kulia, mmoja kushoto, na aliyebaki alilia zizini siku kadhaa. Maksai mmoja halimi. Msimu ule tulilima kwa jembe la mkono, kipande kidogo, na sehemu kubwa ya shamba ikabaki majani. Lakini mke mwenzangu alikwenda kidato cha kwanza na godoro lake begani, na Kipili nikapiga simu mimi mwenyewe, nikasema asije kumchukua mtu.

Uhakiki ulikuja baada ya Pasaka. Safari hii karani alikuwa mama mtu mzima, na mimi nilikuwa nimejiandaa. Niliketi wima kama shahidi. Nilisema: ninaishi na wajukuu wawili, watoto wa marehemu binti yangu. Huyu wa kiume ana miaka minane. Wa kike yuko sekondari, anarudi wikiendi. Mimi ni mjane. Karani akauliza, kama alivyotakiwa, kama kuna mwanaume yeyote ndani ya kaya.

"Hakuna," nikasema.

Mvulana alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake ya mbuzi. Nilimwona akishusha fimbo. Karani akauliza kama nina mume mahali pengine popote, mjini, machimboni, ziwani. Nikasema sina mume, nimekwisha kuzika. Akauliza ng'ombe, nikasema mmoja. Akaandika. Akasema taarifa zitapanda juu, nisubiri. Nilimuuliza nisubiri mpaka lini, akasema hata wao huwa hawaambiwi.

Hilo ni jambo la mwaka jana. Majibu hayajashuka. Kila mwisho wa wiki mtoto anarudi na orodha ya michango, na mimi namtazama yule maksai aliyebaki nikihesabu mihula.

Ila siku ile, karani alipokuwa akifunga mkoba wake, mvulana alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini ili mgeni asisikie.

"Bibi, kwani umeniacha?"

Nilikuwa nimeogopa hata kutabasamu, nisije nikaandikwa. Nilimsindikiza karani mpaka njiani, nikasimama pale nikiitazama pikipiki ikishuka bondeni, ikapita kigango, ikapotea kwenye kona. Nikasubiri na vumbi litulie.

Ndipo nikageuka, nikaita kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani.

"Mume wangu, njoo ule."

Alikuja. Lakini alikuja taratibu, amenuna, akaketi upande wangu akanipa mgongo, na ilibidi nimmegee tonge la kwanza mimi mwenyewe.