Fundi wa Waya za Rangi Moja

Jumanne saa saba mchana nilikuwa ofisini Mtumba, nimebanwa kati ya kikao kilichoisha na kingine kisichoanza, simu ilipoita. Alikuwa mama anayeuza chai mbele ya gereji moja ya Kizota. Akaniambia fundi wetu wa waya amefariki. Alikuwa amekwenda kutawadha kwa ajili ya sala ya adhuhuri, akaketi juu ya tairi kukung'uta maji miguuni, na hakuinuka tena. Msomaji wangu wa kila wiki ananijua: nahoji serikali, nahoji dini, nahoji hata bei ya karanga. Ningependa kukwambia kwamba siku hiyo nilihoji maumbile ya kifo. Sikuhoji. Swali lililonitoka lilikuwa, "Na gari?" Mama yule akasema, "Gari lipo, kaka. Yeye ndiye hayupo."

Gari lenyewe si langu, ni la mama yangu. Ni lile linalosukuma matairi yote manne, ambalo watu huliita shangingi likiwa jipya na mkweche likizeeka, na hili lilizeeka kabla sijamaliza darasa la saba. Baba alituachia hilo na shamba la zabibu upande wa Hombolo. Kati ya shamba na barabara kuna korongo la mchanga ambalo msimu wa mvua humeza pikapu nzimanzima, hivyo zabibu zetu zina njia moja tu ya kutoka, nayo ni mkweche ule. Na zabibu, tofauti na mtama, haimsubiri mtu. Ikiiva mvua ikaipiga, inapasuka, nyuki wanaingia, na siku ya nne unavuna siki. Mnunuzi alikuwa amempa mama mpaka Jumapili. Wenye magari kama letu walikwishakodiwa na wakulima wengine. Gari letu lilikuwa Kizota, dashibodi imeshushwa, waya zote zimetolewa nje na kulazwa kwenye turubai kama utumbo wa ng'ombe siku ya sikukuu.

Waya hizo ziliungua kwa sababu yangu. Fyuzi ya taa ilikuwa inakatika kila baada ya siku mbili, nami nilichoka kununua nyingine. Nikaokota pakiti ya sigara nje ya kioski, nikatoa ile karatasi inayong'aa ya ndani, nikaizungushia fyuzi iliyokufa na kuirudisha mahali pake. Taa zikawaka. Nilijisifu sana. Nilisoma chuo kikuu miaka mitatu na nilifahamu fika kwamba fyuzi ikikatika inakupa taarifa, lakini taarifa ile ilikuwa inanichelewesha. Wiki mbili baadaye, kwenye kilima cha Ihumwa, moshi ulianza kutoka chini ya usukani, mweusi, wenye harufu ya plastiki, na nilipofungua boneti waya zilikuwa zimeyeyuka na kushikana kuwa kitu kimoja.

Marehemu alikuwa na utaratibu wake ambao kila aliyepita pale anaukumbuka. Hakugusa gari kabla mwenye gari hajaketi kwenye kigoda kando yake na kueleza nani aliwahi kuligusa. Hakutaka habari za gari linaumwa nini. Hayo alisema gari litasema lenyewe. Alitaka majina ya mikono: fundi gani, wa wapi, alibadilisha nini, alikuwa mlevi au hapana. Watu wazima, wakubwa wa idara, waliketi pale wakaungama. Zamu yangu ilipofika aliniita msomi, kama alivyoniita siku zote, akaniambia niketi. Akauliza nani alishika boksi la fyuzi. Nikasema sijui, labda fundi mmoja wa njiani. Aliingiza vidole, akachomoa kile kipande cha karatasi kilichokauka kwa moto, akakinusa, akakitia kwenye mfuko wa shati. Kisha akaagiza chai mbili, moja yangu. Nilikunywa chai ile kwa shida kuliko dawa yoyote.

Kitu kimoja kwenye kazi yake kilinikera kupita vyote. Waya za kiwandani zina rangi: hii ya kijani, hii ya kahawia yenye mstari mweupe, ili fundi yeyote popote aweze kuzifuata. Yeye alipokata sehemu iliyoungua alirudishia waya nyekundu. Zote. Taa nyekundu, honi nyekundu, waipa nyekundu, kisha akafunika kwa tepu nyeusi. Gari likishapita mikononi mwake, mafundi wengine walilifungua, wakatazama, wakafunga na kukuelekeza urudi Kizota. Mimi, kwa akili yangu ya kutafuta nani ananufaika, nilikuwa na jibu tayari. Siku moja wateja watano wakiwa hapo, nilimuuliza kwa sauti kwa nini anatumia rangi moja. Alifungua mdomo. Kabla hajatoa neno nikajijibu: anatufunga ili tusimwache, hizi ni waya za ndoa. Watu wakacheka mpaka mwuza chai akaja kuuliza kuna nini. Yeye pia alicheka. Akasema, "Msomi amenikamata. Basi mahari yako nimekula, na talaka sitoi." Jina likashika. Ndani ya mwezi nililisikia likisemwa Chang'ombe na watu ambao hawakunijua.

Alizikwa Jumatano, na mazishi yale sitayasahau, kwa sababu ya sisi wenye magari. Tulikuwa wanne ambao magari yetu yalikuwa yamefunguliwa kwenye ua wa gereji yake na geti limefungwa kwa kufuli. Kwetu huwezi kwenda msibani ukauliza habari za mali yako. Turubai limetandikwa, watu wameketi kwenye mikeka, unatoa mkono wa pole na kutulia mpaka hitma isomwe na wenyewe waketi kikao. Basi tukatulia. Na kwa kuwa hatukuwa na mahali pengine pa kwenda, tukafanya kazi. Mmoja, dereva wa mchungaji, alichimba kaburi la Kiislamu kwa bidii mpaka mashehe wakamshukuru. Mwingine alibeba kuni. Mimi nilichota maji siku tatu. Wazee wa Kondoa waliokuja kumzika ndugu yao waliguswa. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba marehemu lazima alikuwa mtu wa watu, tazama vijana hawa wa Kigogo wanavyohangaika. Tuliinamisha vichwa. Kila jioni mama alinipigia. Hakulalamika. Aliniambia tu mvua imenyesha au haijanyesha, na safu zipi zimeanza kunuka.

Alhamisi, yule dereva wa mchungaji alishindwa kujizuia. Akanong'ona, ila kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea injini ikiunguruma, kwamba mzee ametuweza, zile waya za ndoa zake tutazifungua na nani sasa. Nyuma yetu kulikuwa na dirisha. Ijumaa baada ya hitma, shemeji wa marehemu alikuja akatuita wanne, akatupeleka kwenye chumba chenye pazia mlangoni. Mjane yuko eda, hatoki wala hakai na wanaume wasio ndugu zake, hivyo tulisimama upande huu na sauti ikatoka upande ule. Aliuliza ni nani kati yetu aliyetunga jina la waya za ndoa. Wenzangu walitazama miguu yao, nami nikatazama yangu. Ilikuwa mara ya pili kuulizwa swali la wazi katika familia ile, na mara ya pili nikakwepa. Aliposubiri vya kutosha, akasema, "Mume wangu alikuwa haoni rangi. Nyekundu na kijani kwake vilikuwa kitu kimoja. Tangu tunaoana."

Kisha akatueleza, taratibu, kama mtu anayempa jirani maelekezo ya njia. Kila adhuhuri alikuwa anampelekea chakula gereji. Sisi wateja tulimwona akiinama mlangoni mwa gari, wakizungumza Kirangi, lugha ya kwao Kondoa, kwa sauti ya chini, na nakiri nilidhani wanateta mambo ya nyumbani. Walikuwa wanasoma waya. Yeye alimtajia rangi za kiwandani moja baada ya nyingine, naye mume akafunga uzi wa kushonea kwenye kila waya, ncha hii na ncha ile, mafundo kwa idadi waliyokubaliana: moja taa kubwa, mawili breki, matatu honi, na kuendelea. Akishamaliza aliyafunika kwa tepu ili mtu asimuulize ni ya nini. Alinunua rangi moja kwa sababu rangi nyingi zilikuwa hazimsaidii kitu. Ramani ya kila gari alilotengeneza mjini hapa imo ndani ya gari lenyewe, chini ya tepu, kwa yeyote atakayeigusa kwa vidole.

Jumamosi asubuhi shemeji alifungua geti. Wenzangu magari yao yangeweza kungoja. Walikubali la kwetu litangulie kwa sababu ya zabibu. Tulibeba furushi zima la waya begani, mimi mbele na fundi kijana wa gereji ya jirani nyuma, tukalipeleka Chang'ombe, nyumbani kwa marehemu, kama watu waliokamata chatu. Tukaliingiza chini ya pazia ncha moja baada ya nyingine. Upande wa pili vidole vilipapasa, tepu ikachanika, sauti ikasema, "Mafundo manne, waipa. Hii haina fundo, alikuwa hajafika." Fundi aliandika kwenye daftari la shule. Zile zisizo na mafundo zilikuwa saba, na hapo akatutajia rangi za asili kutoka kwenye vipande vilivyoungua, kama alivyokuwa akimtajia mumewe, ila kwa Kiswahili. Mara moja alijisahau akataja kwa Kirangi. Nasi tulingoja mpaka aliporudia kwa Kiswahili.

Gari liliwaka Jumapili saa nne asubuhi. Nilifika shambani mchana. Nusu ya zabibu ilikuwa imekwishaharibika. Nyingine mama alijaribu kuitoa kwa mikokoteni ya punda na ikafika imepondeka. Tulichookoa kilifika kwa mnunuzi jua likielekea kuzama. Kati ya safu za mizabibu iliyokuwa ikinuka siki nilimweleza mama habari ya karatasi ya sigara. Alikuwa amejitayarisha kumlaumu fundi aliyekufa na kazi ikiwa katikati. Alinitazama, akaendelea kukata vichala, kisha akasema, "Kwa hiyo alijua, na bado akakupa chai."

Nimeyafikiria haya wiki tatu sasa. Sisi watu wa ofisi tunapenda kusema kwamba maarifa yasiyoandikwa hufa na mwenyewe, na kwamba mafundi wa mitaani wanaficha ujuzi kwa uchoyo. Nimewahi kuandika hivyo kwenye safu hii hii. Sikuwahi kujiuliza tungemfanya nini mtu yule kama angesema ukweli. Ni nani kati yetu angemwachia gari fundi wa umeme asiyeona rangi? Fomu zetu zina kisanduku cha afya njema na hazina kisanduku cha jinsi unavyomudu. Matokeo yake mji umejaa watu wanaofanya kazi nzuri kwa njia ambayo wanalazimika kuifunika kwa tepu: karani asiyesikia sikio moja anayechagua kiti cha pembeni, dereva anayekariri barabara kwa kuwa kusoma vibao kunamshinda, mwalimu wa hesabu anayeogopa kuandika Kiingereza ubaoni. Wanafika kazini kila siku wakiwa wamefungiwa ndani ya siri yao, na sisi tunawaona wajanja.

Mjane amenipa ruhusa ya kuandika haya. Nilirudi peke yangu, nikasimama tena upande huu wa pazia, nikamwambia lile jina nililitunga mimi. Alisema alijua tangu siku ya kwanza, kwa sababu mumewe alifika nyumbani akamsimulia. Nikamwuliza alisimulia vipi. Akasema alisimulia akicheka, kisha hakula.

Siku ile mbele ya wateja watano nilimwachia njia mbili tu. Angenyamaza, aonekane tapeli. Au angejieleza, na asubuhi yake asipate hata pikipiki ya kutengeneza. Alichagua utapeli, akaongezea mzaha wa mahari ili nisione nilichofanya. Nilidhani ninauliza. Alikuwa amekwishafungua mdomo, na sijui angetoa jibu gani, kwa sababu sikumpa nafasi. Kuhoji sitaacha, ni kazi yangu na ndiyo tabia yangu. Lakini ukiwa na swali kwa mtu anayekutengenezea kitu, usimuulize mbele ya watu. Muulize mkiwa wawili tu, kisha unyamaze mpaka ajibu.