Kazi Isiyo na Jasho

Kosa langu la kwanza katika mchezo wa fimbo lilikuwa kuishika fimbo kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Wachungaji wenzangu walicheza wakati mifugo ikinywa kwenye visima vya mchangani, fimbo ya kupigia mkono wa kulia, ya kukingia mkono wa kushoto. Mimi nilipigwa vidole hadi vikavimba. Hakuna aliyenifundisha. Nilikaa kando nikatazama, kisha nikaenda kupigana na kichuguu.

Nilikuwa mtu wa hofu ya kukosea, na bado ni mtu wa hofu. Pigo likienda upande kidogo nililirudia mpaka mbuzi wakapotea na mama akanigombeza. Lakini kichuguu kilinifunza. Kiganja kilegee mpaka fimbo inapokaribia kufika. Magoti yasikakamae. Nguvu itoke kwenye nyayo, ipite kiunoni, ndipo ifike mkononi. Mabega ni watazamaji tu.

Kwetu Ugogo kisima huchimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu, mmoja akasimama chini na kumpandishia wa juu kibuyu cha maji. Siku moja nikiwa chini niligundua kwamba siinui tena kwa mabega. Nilikuwa nazungusha kiuno, kama ninapopiga. Ng'ombe wote walikunywa, nami sikuchoka. Tangu hapo nikaanza kujichunguza kila nilipopalilia, nilipobeba ndama, hata nilipoinuka kigodani. Watu walinicheka, kaka yangu kuliko wote.

"Mdogo wangu, hata kuketi unakufanyia mazoezi? Ukifa utatuomba turudie mazishi."

Kisha jumbe wa kijiji akatutoa sisi wawili twende kazi ya lazima kwenye tuta la reli ya Wadachi. Kazi ilikuwa kubeba udongo kwa vikapu. Kaka alikuwa na mgongo mbovu tangu alipoangushwa na fahali, na asubuhi ya kwanza alininong'oneza kwamba hatatoka pale mzima.

"Kaka, kivute kikapu tumboni kabla hujainuka," nikamwambia. "Kunja magoti. Usikinyanyue kwa mgongo, miguu ndiyo ikisukume."

Safari hii hakucheka. Kufikia adhuhuri udongo wetu ulikuwa sawa na wa wengine, na kaka akasema mgongo umenyamaza.

Nyapara wetu, mtu wa pwani asiyetengana na kiboko chake, akaja akatusimamia.

"Wenzenu wanatweta. Nyinyi mnatembea kama bwana harusi na mpambe wake."

"Mpisheni bwana harusi," mmoja wa wabebaji akadakia. "Mahari yake nzito, ni udongo mtupu." Watu wakacheka chini chini.

"Bwana nyapara," nikasema, "tazama tulipomwaga. Hapajapungua kitu."

"Sikuja kutazama udongo. Jasho liko wapi?"

Neno lile linanichoma hadi leo. Udongo ulikuwa pale, unaonekana, unashikika, na reli ingepita juu yake bila kuuliza nani alitweta. Lakini yeye hakuamini kwamba mtu amefanya kazi mpaka amwone akiumia. Mdachi aliyeketi chini ya turubai hakuamini pia, maana nyapara alipomgeukia, aliitikia kwa kichwa. Kama ningekuwa mvivu ningeelewa. Nilikuwa nimejinyima raha miaka kadhaa kwa ajili ya kuinua kitu vizuri, na watu hawa wakauita ustadi huo wizi.

"Huyu mkubwa abebe viwili," nyapara akasema. "Na akimbie."

"Nitabeba mimi, bwana. Mgongo wake mbovu."

Kiboko kikanijibu shingoni. Kaka akatwishwa kikapu juu ya kikapu, akaanza kupanda tuta mbio. Nilimwona akikakamaa mwili mzima, shingo, mabega, magoti, vile vile nilivyokuwa nikiikakamalia fimbo zamani. Hakuna kiuno kilichobaki cha kumwokoa. Alifika katikati ya mteremko, akaanguka, na udongo ukamfuata.

Tulipomfukua alikuwa amelowa jasho chapachapa.

"Sasa hiyo ndiyo kazi," nyapara akasema, akaenda zake.

Kaka hawezi kuinama tena. Mimi ndiye ninayeshuka kisimani kwa ajili ya ng'ombe wake na wangu, naye hukaa juu, ameketi, akipokea kibuyu.