Meza ya Watu Wanne na Sahani Moja ya Pembeni

Mjimwema, hapa Songea, sherehe isiyopikiwa na Lukresia ni sherehe ya watu wenye haraka. Kipaimara, harusi, arobaini, yeye ndiye husimama katikati ya masufuria na upawa mkononi, akijua nani anapakuliwa kwanza na nani asipoangaliwa ataondoka na minofu kwenye mkoba. Basi mama huyu mwenye sifa zote hizo alikuja kushindwa na mlo wa watu watano.

Mkwewe Muhsini, mfanyabiashara wa korosho, mzaliwa wa Nalasi kule Tunduru, aliuza vizuri msimu uliopita. Akasema watoto lazima wakaione ile bustani kubwa ya michezo ya maji Dar es Salaam, yenye mabomba ya kuteleza marefu kupita mnara wa kanisa. Wangekwenda yeye, mkewe Jane, watoto wao Shakila na Iddi, pamoja na bibi yao Lukresia. Akaongeza, kupitia kwa Jane, "Mwambie mama, habari ya chakula namwachia yeye. Apange anavyoona."

Ilikuwa heshima, na Lukresia aliipokea kwa mikono miwili. Kesho yake Jane alipopita kumsalimu alimkuta amechemsha viazi vya majaribio, anakaanga karanga, na unga wa dona umeshafungwa kwenye ndoo.

"Mama, kule hawaruhusu chakula cha kutoka nje. Wanakagua mikoba getini."

"Wanatafuta visu?"

"Wanatafuta viazi."

Lukresia akakaa chini. Mtu anayekualika kwake halafu anaogopa viazi vyako, huyo ni mwenyeji wa namna gani? Jane akamweleza kwamba ndani mna migahawa, unapiga simu mapema, unachagua chakula na mahali pa kukaa. Akamwachia namba, akapanda bodaboda kurudi kwake Bombambili.

Aliyepokea simu alikuwa binti mwenye sauti tamu na ulimi wa kasi.

"Karibu mama. Mtakula bafe au mnaagiza mezani?"

"Bafe ndiyo nini, mwanangu?"

"Chakula kinapangwa, mnapita kwa foleni, kila mtu anajipakulia."

Lukresia akajiona kwenye foleni, sahani mkononi, na mkwewe nyuma yake akitazama ukubwa wa kipande cha nyama anachochukua.

"Hapana. Foleni hatuiwezi. Mna likolo lakini?"

"Mna nini, mama?"

"Likolo. Majani ya maboga."

"Tuna saladi. Sasa mama, nawapa meza ya familia. Watu watano, mnakaa mnatazamana, raha tupu."

"Mnatazamana!"

"Kwani kuna tatizo?"

Tatizo lilikuwepo, tena kubwa, ila si la kumweleza mtoto wa watu kwenye simu. Kwao Lukresia, mama mkwe na mkwe wa kiume hawaonani wakila. Watasalimiana, watasaidiana, watazikana, lakini mdomo wa mmoja usitafune mbele ya macho ya mwingine. Jambo hilo huisha siku mkwe mwenyewe atakapotuma mtu aseme, "Mama, naomba tule pamoja." Akishaomba, basi. Miaka yote tangu amwoe Jane, Muhsini hakutuma mtu. Akija Mjimwema alipewa sinia lake sebuleni, Lukresia akabaki jikoni, na kila mmoja akasifu chakula kupitia ukutani.

Na Lukresia alimpenda mkwe huyo, tusifichane. Mumewe Kajetani alipofariki, Muhsini alishuka kaburini na jembe pamoja na vijana wa jumuiya, akachimba mpaka shati likalowa, na wala hakuwa mtu wa kanisa. Wakati wa uchumba walikuwepo wajomba waliong'aka kwamba binti wa Kikatoliki anapelekwa kwa Waislamu. Lukresia hakung'aka. Lakini Jane alishawahi kumwambia, "Mama, haya mambo yako ya kujificha jikoni, ipo siku Muhsini ataona unamkwepa kwa sababu ya dini yake." Maneno hayo yalimchoma, na sasa yalimrudia simu ikiwa sikioni. Akikaa naye meza moja, amemvunjia heshima. Asipokaa naye, amemtukana. Ashike lipi?

"Mama, bado upo?"

"Nipo, mwanangu. Nipo lakini sipo."

Suala la chai ya asubuhi alilimaliza upesi kichwani: angesema tumbo lake huamka limechelewa. Cha jioni wangekula wakishatoka, huko gizani angejua la kufanya. Cha mchana ndicho kilichomtoa jasho. Akauliza kama hawana mahali pa pembeni, pa kujisitiri. Binti akamwambia lipo banda dogo nyuma, karibu na vyumba vya kubadilishia nguo, wafanyakazi wengine hula chakula chao huko.

"Hapohapo! Basi andika hivi. Wanne mgahawa mkubwa, wali kuku. Mmoja banda la nyuma, naye wali kuku. Na kuku awe amechinjwa na Mwislamu, mkwe wangu asije akahangaika. Habari ya malipo mpigie yeye, namba yake nakutumia."

Akakata simu ameridhika, akajisifu kwamba akili ni nywele. Hakumwambia Jane. Aliona siku yenyewe ataponyoka kimyakimya na hakuna atakayejua.

Walifika Dar es Salaam, wakaingia bustanini asubuhi. Watoto walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Lukresia aliloweka miguu kwenye kibwawa cha watoto, kitenge amekikunja magotini, akawaza banda lake tu. Muhsini alikuwa mkimya siku ile. Alitabasamu watoto walipomtazama, wakigeuka na tabasamu likaondoka. Adhuhuri ilipofika alimwambia mkewe anakwenda kuswali, wasimsubiri kula. Muda kidogo baadaye Lukresia naye akasema anakwenda kujisaidia.

Akazunguka nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, akaliona banda. Meza moja, kiti kimoja, sahani moja ya wali kuku. Na kwenye kiti kile, mgongo umeinama, ameketi Muhsini, mdomo umejaa.

Aligeuka. Akaruka kusimama. Hakuweza kumeza, hakuweza kutema. "Shikamoo, mama," akasema hivyohivyo na wali shavuni.

"Marahaba," Lukresia akajibu, amejifunika uso kwa upande wa mtandio. "Baba, mbona uko hapa? Hapa ni pangu."

Muhsini akameza kwa shida. "Pako vipi, mama? Si umenipangia mimi?"

"Nikupangie wewe?"

"Yule dada alinipigia kuhakikisha malipo. Akasema mama amepanga wanne mgahawa mkubwa, na mmoja banda la nyuma. Nikahesabu. Wewe, Jane na watoto wawili, hao wanne. Nikajua aliyebaki ni mimi."

Lukresia akaelewa sasa. Kumbe mtu huyu amesafiri njia nzima kutoka Songea akijua, au akidhani anajua, kwamba amewekwa kando na watoto wake mwenyewe. Na bado amemshikia mfuko, bado amemwita mama, na amekuja kukaa palepale alipodhani amepangiwa.

"Wanne ni wewe na mkeo na wanao, Muhsini! Wa nyuma ni mimi. Nimejificha kwa heshima yako. Nilingoja uniombe tule, hukuomba, nikasema huyu anapenda iwe hivi."

"Nikuombe mimi?" Sasa aliyechanganyikiwa akawa Muhsini. "Kwetu Nalasi mkwe haombi, mama. Akiomba ni mtovu wa adabu. Kwetu mama mkwe ndiye humwita. Mimi nimengoja uniite tangu siku ya ndoa. Nikasema labda ni dini yangu, labda moyo wake bado haujanikubali. Nikavumilia."

"Miaka yote hii! Kwa nini usiseme, baba?"

"Ningesemea wapi, mama? Watu huyasema hayo wakiwa wanakula."

Lukresia alitaka kucheka, machozi yakamtangulia, na hakujua aanze na kipi. Akaushusha mtandio usoni. Alitazama sahani, akamtazama mkwewe aliyesimama kama mwanafunzi aliyefumaniwa, akakivuta kile kiti kimoja na kukisogeza kando, kwa kuwa hakikuwatosha wote.

"Muhsini, mwanangu," akasema, "njoo ule."

Wakala wamesimama, kila mmoja akitazama ukuta wake. Tonge la kwanza lilikataa kushuka kwa wote wawili. La pili likashuka. Jane alitokea kwenye kona ya vyumba vya kubadilishia nguo, amewashika Shakila na Iddi mikono, amekuja kumtafuta mama yake. Alisimama. Iddi alipotaka kuita, alimziba mdomo kwa kiganja, akawageuza watoto polepole, akawarudisha kwenye maji.