Nta Nyekundu ya Mzee Aloisi

Usiku ule nililala baada ya kuchana barua ya tatu. Si kwamba sijui kuandika. Mtaani kwetu hapa Njombe, mtu akitaka barua ya ofisini huja kwangu, na Kijerumani nakiandika vizuri kuliko baadhi ya wenyeji niliofanya nao kazi huko Austria. Nilikwenda nikiwa na begi moja na koti la kuazima. Nilirudi baada ya miaka kumi na moja nikiwa na stashahada ya ufundi wa skii, zile mbao nyembamba ambazo watu wa huko huzivaa miguuni na kuteleza juu ya theluji. Stashahada hiyo nimeitundika kwenye karakana yangu ya samani, ndani ya fremu ya mninga niliyoichonga mwenyewe, na sijasikia kwamba kuna nyingine kusini yote ya nchi hii. Wapo wanaonicheka. "Fundi wa theluji," jirani yangu Sanga huniita, "siku ikidondoka hapa Njombe tutakuletea kazi." Namwacha acheke. Meza anayolia ugali niliipaka nta mimi, na akiinama anajiona uso.

Barua niliyokuwa nashindwa kuijibu ilitoka kwa Greta, binti wa Mzee Aloisi. Mzee huyo ndiye aliyenifundisha kazi, na alikuwa amefariki miaka mitano nyuma. Greta aliandika hivi: "Mama anaumwa, na sidhani kama ataiona theluji ya mwaka huu. Kila jioni ananiuliza jambo moja. Baba aliijua theluji kama mtu anavyoujua mkate wa nyumbani kwake. Ilikuwaje asubuhi ile ya mashindano akapaka nta nyekundu? Baba hakutuambia. Wewe ulikuwa naye. Tafadhali, tuambie."

Kwa asiyeijua kazi hii, niseme kidogo. Chini ya skii hupakwa nta ili iteleze, na nta si moja. Nyekundu ni laini, ni ya theluji yenye uvuguvugu inayokaribia kuyeyuka. Ya buluu ni ngumu, ni ya baridi kali. Theluji ya baridi kali ina chembe zenye ncha kama vigae vya glasi. Ukiipelekea nta laini, chembe zile zinaing'ata na kuishika, na mtelezaji anakuwa kama mtu anayeburuzwa juu ya mchanga. Hivyo ndivyo ilivyomtokea Lena siku ile, msichana wa kijiji kile ambaye wote walimtegemea. Katikati ya mteremko akawa anakokota miguu, na wenzake wakimpita mmoja mmoja. Akapoteza nafasi yake kwenye timu. Wakuu wa klabu wakaja karakanani wakauliza nta ile aliichagua nani. Mzee Aloisi akafuta mikono kwenye aproni yake, akasema, "Mimi." Wakamwondoa kwenye kazi aliyoifanya tangu ujana wake. Kabla hajaondoka alitia sahihi karatasi zangu za mtihani, nami nikapata stashahada.

Huku nyumbani nilisimulia kwamba macho ya mzee yalikuwa yamechoka. Mke wangu, Mama Neema, alikwisha kuisimulia hadithi hiyo mara nyingi hata akaijua vizuri kuliko mimi.

"Hiyo karatasi ya ngapi, Baba Neema?" aliniuliza usiku ule, tayari yumo ndani ya blanketi.

"Ya tatu. Naandika sifa za marehemu."

"Sifa kurasa nne? Si wamekuuliza swali moja tu?"

"Wewe lala."

"Nalala. Ila mgonjwa hangoji mwandiko mzuri."

Nikazima taa. Baridi ya Njombe ya mwezi wa saba ilikuwa imeingia hadi kwenye mto.

Nikajikuta nimesimama karakanani kwangu, milango yote miwili wazi, na nje kumejaa weupe. Sikushangaa. Nilijiambia tu kwamba Sanga sasa hatakuwa na la kucheka. Mbao zangu za mninga zilikuwa ukutani, makochi ya wateja yalikuwa mahali pake, lakini juu ya meza ya kazi ililala skii moja, imegeuzwa tumbo juu, ndefu hata ncha yake sikuiona. Ilipita dirishani ikaishia huko kwenye weupe.

Mzee Aloisi akaingia. Alivaa aproni ile ile yenye mfuko uliochanika, na mabegani alikuwa na theluji ambayo haikuyeyuka. Akasema, "Kamwene."

Salamu ya kwetu, na aliitamka kama mtu aliyezaliwa Uwemba, hapa hapa Njombe.

Akaomba pasi ya kuyeyushia nta kwa kunyoosha mkono tu. Nikampa. Akaishika nta karibu na pasi, ikaanza kudondoka tone kwa tone juu ya ubao, na matone yalikuwa mekundu. Nikasema moyoni, si hiyo, Mwalimu, si hiyo. Lakini mikono yangu tayari ilikuwa inamsaidia. Anapitisha pasi taratibu, bila kusimama hata kidogo, maana pasi ikisimama inaunguza ubao, na nta inasambaa, inang'aa, inazama. Hakuna moshi. Mzee hakuwahi kutoa moshi kwenye pasi. Mimi namfuata nyuma na kile kipande cha plastiki cha kukwangulia, nakwangua yote iliyobaki juu, kwa sababu nta iliyobaki juu haifai kitu, inayofanya kazi ni ile iliyokwisha kuingia ndani. Nakwangua, na mabaki yanaanguka miguuni pangu, yanapanda hadi kwenye vifundo, hadi magotini, na ubao hauishi.

"Umepima theluji?" ananiuliza.

"Nimepima, Mwalimu."

Anaweka pasi chini. Anashika taa, na taa ile inakuwa ni jua dogo jeupe, na karakana haipo tena. Tunapanda mlima.

Ni mlima wa kule Austria, na pia ni mashamba ya viazi ya nyuma ya nyumba ya mama yangu. Naona matuta chini ya theluji, safu kwa safu. Mzee anatangulia. Hatua zake hazitoi sauti, zangu zinavunja theluji kama mtu anayetafuna bisi. Nimechoka. Nataka kumwambia kwamba lifti ya kupandisha watu mlimani itaanza kufanya kazi muda si mrefu, kwamba mtu mwenye elimu hana haja ya kutembea saa nzima gizani kwa ajili ya kuchoma kipimajoto kwenye theluji, kwamba jedwali la joto na rangi za nta nimelikariri lote. Ni maneno niliyojiambia asubuhi ile ya kweli. Nilijiambia tena kwamba mimi ni mtoto wa Njombe, baridi nimezaliwa nayo, naisoma kwa pua.

Mzee anageuka. Anatazama miguu yangu.

"Viatu vyako vikavu," anasema.

Natazama. Nimo ndani ya theluji hadi magotini, na viatu vyangu ni vikavu kama vilivyotoka dukani.

Nasikia harufu ya kitunguu kinachokaangwa. Naielewa harufu hiyo kabla sijageuka. Hatupo mlimani tena. Tupo nyuma ya jiko la hoteli ndogo iliyokuwa kando ya karakana yetu, pale bomba la kutolea joto linapopumulia ukutani. Theluji ya pale ni laini, ina unyevu, inashikana ukiifinya. Na pale, mgongo umenielekea, amechuchumaa kijana mweusi mwenye koti la kuazima. Amechoma kipimajoto kwenye theluji, umbali wa hatua tatu tu kutoka mlango wa chumba chake. Anapuliza vidole. Anasoma. Anatabasamu, kwa sababu kazi imekwisha na kahawa bado ya moto.

"Mwite," Mzee Aloisi ananiambia.

Siwezi kumwita. Ni mimi.

Kijana anainuka, anapita katikati yetu bila kutuona, anaingia karakanani. Naisikia sauti yangu ya wakati ule, changa, yenye uhakika wote wa dunia: "Hasi mbili, Mwalimu. Nimetoka juu sasa hivi." Na sauti ya mzee inajibu kwa upole, "Vizuri, mwanangu. Basi nyekundu."

Theluji inaanza kuanguka. Tumerudi juu kabisa, kwenye kilango cha kuanzia. Lena amesimama, namba yake mgongoni, ametazama mteremko. Hageuki. Upepo unavuma na kofia ya mzee inaruka, naye haifuati. Ananipa kipimajoto. Napiga magoti, nakichoma kwenye theluji ya juu, ile niliyopaswa kuichoma siku ile, na baridi inanipanda mkononi hadi begani kama maji ya mto. Nasubiri kama nilivyofundishwa, hadi wino mwembamba unapoacha kushuka.

"Inasema ngapi?"

Nataka kusema hasi mbili. Mdomo unakataa. Nasikia kitu laini kimejaa kinywani, chenye ladha ya nta, na kadiri ninavyojaribu kusema hasi mbili ndivyo kinavyoongezeka.

"Hasi kumi na moja," nasema mwishowe, na kinywa kikawa chepesi.

Mzee akachuchumaa karibu yangu. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba amezeeka zaidi ya nilivyomwacha, kana kwamba huko aliko miaka nayo inahesabiwa.

"Siku ile sikuvitazama viatu vyako," alisema. "Kosa langu ni hilo. Nimelibeba, nalo si zito."

"Nisamehe, Mwalimu."

Aliutikisa mkono kama mtu anayefukuza nzi. "Rosa anaumwa," akasema. Rosa ni mkewe. "Usimwandikie kwamba nilikuwa mtu mwema. Ameishi nami, anajua nilivyokuwa. Mwambie ulipimia wapi."

Kisha akavaa skii iliyokuwa mezani kwangu, fupi sasa, ya kawaida, na akaondoka kuteleza kushuka kwenye mashamba ya viazi. Haikutoa sauti. Ilikuwa imepakwa vizuri.

Niliamka mkono wangu wa kulia ukiwa nje ya blanketi, umekufa ganzi. Kulikuwa bado kiza na majogoo wa Sanga walikuwa wanaanza. Sikuwasha taa, sikutafuta kalamu. Nilikaa ukingoni mwa kitanda hadi Mama Neema alipoamka.

"Umeota nini? Ulikuwa unatafuna."

Nikamwambia. Si ndoto, nilimwambia lile jiko, lile bomba, hatua zile tatu. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa amekaa, khanga mabegani.

"Kwa hiyo huyo mzee macho yake yalikuwa mazima," alisema.

"Yalikuwa mazima."

"Na mimi nimemsema kanisani, nimemsema sokoni, nimemsema kwenye vikoba." Akashuka kitandani. "Piga simu, Baba Neema. Usiandike. Ukiandika utaweka maua."

Ilibidi kungoja, maana wao wako nyuma yetu kwa saa moja, na mgonjwa huchelewa kuamka. Nilifungua karakana, sikufanya kazi. Chai ilipoa mbele yangu. Ilipofika saa nne nilipiga namba aliyoiandika Greta chini ya barua yake. Alipokea haraka, kama mtu anayelala na simu mkononi. Nilimwambia nina jibu, na kwamba naomba kulisema kwa mama mwenyewe.

Nilisikia miguu yake, mlango, kisha pumzi nzito ya mtu mzee karibu na sikio langu.

"Mama Rosa," nikasema kwa Kijerumani, na ule ufasaha wangu wote uliniacha, nikaongea kama siku ya kwanza nilipofika kwao. "Ni mimi. Asubuhi ile mumeo alinituma juu nikapime theluji. Sikupanda. Nilipimia nyuma ya jiko la hoteli, chini ya bomba la joto. Nikamwambia nimetoka juu. Walipouliza, alinificha."

Pumzi ile iliendelea. Nilidhani hakusikia, au kwamba amekwisha kulala.

"Ulimpa ngapi?" aliuliza.

"Hasi mbili."

"Na theluji ya usiku ule, ilikuwa mbichi au kongwe?"

Nikakumbuka kwamba mwanamke huyu alikaa na fundi wa nta maisha yake yote. "Kongwe, mama. Ilianguka siku nyingi nyuma."

Nilikuwa tayari kwa lolote: anitukane, alie, akate simu. Badala yake nilisikia akiita, kwa sauti ambayo sikutegemea mgonjwa kuwa nayo, "Greta! Greta, njoo hapa! Kwa hasi mbili na theluji kongwe, nyekundu ndiyo yenyewe. Baba yako hakukosea."

Kisha akacheka. Kicheko kidogo, chembamba, cha mtu aliyeona kitu alichokipoteza kiko mezani. Nikasikia Greta akilia, na mama yake akimwambia tena lile lile, hakukosea, hakukosea, na simu ikawekwa mahali fulani ikasahauliwa. Niliendelea kuwasikia kwa mbali hadi salio lilipokwisha.

Mama Neema alikuwa amesimama mlangoni. Kijerumani hakijui.

"Amesema nini?"

"Amesema mumewe hakukosea."

"Na wewe je?"

Niliiweka simu mezani.

"Mimi," nikasema, "hakunitaja."